Kila mtu darasani ana lake kuhusu katuni yangu. Nimsikilize nani?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 23, mwenyeji wa Muheza. Niko mwaka wa mwisho katika chuo kimoja hapa Dodoma, nasomea medianuwai, na mradi wangu wa kuhitimu ni katuni ya dakika tatu. Hadithi inamhusu Nyemo, binti wa darasa la sita ambaye bibi yake ni mpiga ngoma anayejulikana kijijini. Nyemo anaionea haya ngoma ya bibi, hasa mbele ya wenzake wa shule. Siku moja bibi anaumia mkono. Harusi imekaribia, kikundi kina pengo, na Nyemo ndiye pekee aliyekuwa akiyasikia mazoezi kila jioni tangu utotoni. Wazo hili lilinijia nilipowaona akina mama wa Kigogo wakipiga muheme kwenye sherehe moja hapa mjini. Mwili ulinisisimka. Kwetu Tanga ngoma zipo, ila ile ilikuwa nyingine kabisa.

Nikaandika hadithi, nikachora wahusika, nikaanza kazi. Sekunde 40 za mwanzo nimezimaliza kabisa, rangi, vivuli, mpaka vumbi la barabarani. Nikawaonyesha wenzangu kwenye chumba cha kompyuta, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Mmoja alisema ni nzuri ila imepoa, niweke fisi wa kuchekesha. Mwingine akataka macho ya Nyemo yawe makubwa kama ya katuni za Kijapani, ndiyo watu wataipenda. Wa tatu akasema iko kali, nisiguse kitu. Dada mmoja akauliza, "Kwani huyo bibi amekufa?" na mimi bibi yangu kaumia mkono tu. Halafu kuna kaka mmoja wa Mvumi, mkimya siku zote, akasema, "Huku kwetu mama hapigi ngoma hivyo. Na hiyo nyumba si ya huku." Nilikuwa nimemchora bibi ameining'iniza ngoma begani anaipiga kwa vijiti, na nyuma yake kuna kibanda cha msonge. Darasa zima likaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Tangu siku ile kazi yangu ni kubadilisha tu. Nimemweka fisi, nimemtoa. Nimekuza macho, nimeyapunguza. Sasa hivi Nyemo ana sura tatu tofauti ndani ya sekunde 40. Msimamizi wangu naye amenirudishia ripoti na maneno ya wino mwekundu: "Utafiti uko wapi?" Nilikuwa nimeandika kurasa tano za historia ya katuni duniani, nimezitoa mtandaoni na kuzipanga vizuri. Nilipomfuata akasema huo si utafiti wa mradi wangu, kisha akaitwa kikaoni.

Zimebaki wiki sita. Laptopu yangu ni mtumba. Nikiiacha irende sekunde kumi usiku, yaani igeuze michoro kuwa video kamili, kunakucha haijamaliza. Rafiki yangu ameshauri tupige kura kwenye kundi la WhatsApp la darasa, hoja itakayoshinda niifuate, yaishe. Nimechoka, Shangazi, na nimeanza kuichukia kazi niliyokuwa nikiipenda. Nifanyeje?

Mchoraji, Nkuhungu

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kile kicheko. Kinauma, hasa kikitoka kwa watu utakaokutana nao kesho yake kwenye foleni ya chakula.

Kura usipige. Kura inafaa mnapomchagua kiongozi wa darasa, kwa sababu pale matakwa ya kila mmoja yana uzito sawa. Maoni juu ya kazi yako hayana uzito sawa, wala si ya aina moja. Umechoka kwa sababu uliyapokea yote kama amri, ukataka kumtii kila aliyefungua kinywa. Tuyaangalie upya, tukianza na lile lililokuaibisha zaidi.

Kaka wa Mvumi alikupa ushahidi. Jambo alilosema ama ni kweli ama si kweli, na yeyote anayetaka kuhakikisha anaweza kupanda gari akaenda kutazama. Nami nakuambia ni kweli. Muheme ni ngoma ya wanawake, nao huibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa mikono. Ile ya begani na vijiti umeiokota kwingine. Nyumba pia: makazi ya asili ya Wagogo ni tembe, nyumba ndefu ya pembe nne yenye paa bapa la miti lililofunikwa udongo. Msonge wa nyasi ndio picha ya kwanza inayokuja ukitafuta "kijiji cha Afrika" mtandaoni, na nadhani ndiko ulikoitoa. Mngepiga kura, kaka huyu angekuwa peke yake dhidi ya darasa zima, na katuni yako ingekwenda ukumbini ikiwa na makosa ambayo bibi yeyote wa Chamwino angeyaona kabla hajakaa vizuri kitini. Katika wote waliosema siku ile, hakuna aliyekusaidia kumzidi yeye.

Wa pili kwa faida ni dada aliyeuliza kama bibi amekufa. Yeye ni shahidi wa kichwa chake mwenyewe, na hapo hawezi kukosea: akisema ameelewa hivi, ndivyo alivyoelewa. Usimwambie "hukuangalia vizuri." Rudi kwenye picha ujiulize ni nini kilichompeleka huko. Sijaiona kazi yako, lakini nitabahatisha. Kama umemlaza bibi mkekani, ukamfunika kanga, na akina mama wamekaa kumzunguka wameinamisha vichwa, basi kwa mtazamaji wa Kitanzania huo ni msiba, hata uandike nini chini. Mwinue bibi. Mkalishe barazani, mkono umefungwa kitambaa, mwingine umeshika bakuli la uji, na midomo inamgombeza mtu. Mgonjwa anayegombeza hakuna atakayemdhania marehemu.

Wa fisi ni kundi jingine. Mtu anayetazama kazi yako ni kama mgonjwa mbele ya daktari: panapouma anapajua yeye kuliko wewe, ila dawa anayoitaja si lazima iwe ndiyo. Aliposema "weka fisi" alikuwa anakuambia kuna mahali amechoka. Mfuate umuulize ni wapi hasa, sekunde ya ngapi. Nina hakika atakuonyesha sehemu moja, labda pale Nyemo anapotembea kutoka shule hadi nyumbani na hakuna kinachotokea. Tiba ya hapo huenda ikawa kukata sekunde nne tu. Fisi mrudishe porini.

Macho ya Kijapani ni ladha. Ladha ya mtu ipokee kwa heshima, mshukuru, na hulazimiki kuifuata hata kidogo. Na huyo aliyesema iko kali usiguse kitu, huyo ni rafiki. Mweke karibu kwa siku utakayotaka kukata tamaa, lakini usimpeleke kwenye daftari la masahihisho.

Sasa twende kwenye wino mwekundu, maana ndiko ugonjwa ulikoanzia. Ungekuwa umefanya utafiti kabla ya kuchora, kaka wa Mvumi asingekuwa na la kusahihisha, na wewe ungekuwa na la kumjibu mtu wa macho ya Kijapani. Aliyetafiti hayumbishwi na kila neno, kwa kuwa anajua kwa nini kila mstari umekaa pale ulipo.

Zile kurasa tano si za kutupa zote. Kama mna habari ya mpiga picha Eadweard Muybridge, ibakize. Mwaka 1878 huko California alipanga kamera mstari mmoja, farasi akapita mbele yake anakimbia, na picha zikaonyesha jambo ambalo macho yalishindwa kulinasa: kuna nukta ambayo miguu yote minne iko hewani, lakini ni pale inapokuwa imekusanyika chini ya tumbo. Wachoraji wa Ulaya kwa vizazi na vizazi walikuwa wakimchora farasi anayekimbia amenyoosha ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, na farasi walikuwa nao kila siku mlangoni. Walichora walichodhani wanakijua. Kama habari hii katika ripoti yako inaongoza kwenye sentensi inayosema "kwa hiyo nilikwenda kuwatazama wapigaji wenyewe kabla ya kuchora mkono wa bibi," msimamizi wako hatakuwa na la kuandika kwa wino mwekundu. Ikikaa peke yake, ni ya kujaza kurasa.

Kwa hiyo nenda. Mtafute kaka wa Mvumi, mshukuru mbele za watu kama alivyokusahihisha mbele za watu, kisha mwombe akupeleke kwao au akuunganishe na akina mama wa kikundi. Beba barua ya utambulisho ya chuo, uanzie kwa mtendaji wa kijiji. Usiende mikono mitupu. Sukari na sabuni hakuna bibi atakayezikataa. Jifunze kuamkia kwa Kigogo, "mbukwenyi," kabla hujashuka kwenye gari. Kama mvua zimeanza, kati ya Desemba na Aprili, akina mama wako kwenye uwele na mtama asubuhi yote, kwa hiyo fika alasiri na usiwe na haraka.

Kabla ya kutoa simu, omba ruhusa, na ueleze picha zitakwenda wapi. Kisha, tafadhali sana, kaa kwanza uwatazame bila simu. Zipigwe nyimbo mbili tatu uone tu. Baada ya hapo ndipo urekodi: video moja kwa mbele, moja kwa ubavu, na nyingine ya mwendo wa taratibu, kama simu yako inaweza, ikilenga mikono peke yake. Ukirudi ipitishe fremu kwa fremu, yaani picha moja moja. Angalia kiganja kinapanda hadi wapi kabla ya kushuka. Bega linaanza kabla ya kiwiko au baada? Magoti yanayobana ngoma yanakaa kimya au yanapokea kila pigo? Na shingo, na shanga, na uso wa mama anayeongoza anapotaka wenzake wabadilishe mdundo.

Nakusisitizia haya kwa sababu animesheni inaishi humo. Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa Disney, waliandika mwaka 1981 kanuni 12 ambazo bila shaka mmezisoma darasani, na mojawapo ni kwamba tendo kubwa hutanguliwa na maandalizi: mkono hurudi nyuma kabla ya kupiga. Kweli kabisa. Lakini urudi kiasi gani, kwa mama wa Kigogo mwenye miaka 60 ambaye ameipiga ngoma hii maisha yake yote na hapotezi nguvu bure? Hilo hutalikuta kwenye kanuni. Ninavyojua mimi, mkongwe hupandisha mkono kidogo kuliko mwanafunzi. Ukilinasa hilo umepata hadithi yako yote bila neno moja: Nyemo anaanza kwa mikono inayoruka juu kupita kiasi, na kadiri anavyoingia kwenye mdundo ndivyo inavyotulia, mpaka inafanana na ya bibi. Mtazamaji hatajua kwa nini machozi yanamlenga.

Utashawishika kuichora video yenyewe, mstari juu ya mstari. Ni njia ya zamani. Mtengeneza katuni Max Fleischer aliipatia hataza Marekani mwaka 1917. Fanya hivyo kwa mazoezi, mkono uzoee. Kwenye kazi ya mwisho weka video pembeni na uchore ulichojifunza, maana mchoro ulionakiliwa moja kwa moja mara nyingi huelea, hauna uzito.

Kuna mambo mawili ya kuwauliza akina mama wenyewe, na hayana njia ya mkato. La kwanza ni mipaka. Muheme ina uhusiano na mambo ya kuwafunda wasichana, na si kila wimbo wa huko unaimbwa mbele ya kila mtu. Waambie hadithi yako ni ya harusi, uwaulize wimbo gani unafaa harusini, upi haufai kutoka nje, na mavazi gani ni ya shughuli gani. Wakisema hiki usikionyeshe, usikionyeshe, hata kama ndicho kizuri kuliko vyote. La pili ni sauti. Ukitaka kutumia uimbaji wao, pata ridhaa yao, ikiwezekana kwa maandishi, na uandike jina la kikundi mwishoni mwa katuni kwa herufi zinazosomeka. Usije ukachukua wimbo wa mtandaoni kwa kuwa tu ni wa Kigogo. Kazi zile zina wenyewe, na nchi hii ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ya kuisimamia. Tena si kila muziki wa Kigogo unafaa penye ngoma ya akina mama. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliufikisha muziki wa Wagogo kwenye majukwaa ya dunia kwa zeze na ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba. Msikilize, utajifunza mengi kuhusu sauti za huku, lakini ilimba yake ukiibandika juu ya picha ya wanawake wanaopiga muheme, kaka wa Mvumi atainua mkono tena, na atakuwa na haki.

Amua pia hadithi yako ni ya mwaka gani. Hili wengi hulisahau. Nyemo anasoma darasa la sita leo? Basi tembe inaweza kuwa ya bibi, lakini jirani ana bati. Kwenye baraza kuna dumu la njano la maji, nje kuna bodaboda imeegeshwa chini ya mbuyu, na wageni wa harusi wanapiga picha kwa simu. Ukichora kijiji ambacho muda umesimama utakuwa umekosea kwa namna nyingine, na haya ya Nyemo mbele ya wenzake haitaeleweka. Anaionea haya ngoma kwa sababu anaishi sasa hivi.

Kuhusu sura ya michoro, hoja ya macho imekukumbusha kitu cha kweli ingawa suluhisho silo: bado hujaamua mkono wako ni upi. Tafuta huku ulipo kabla ya kukopa mbali. Kolo, kaskazini ya Kondoa mjini kwenye barabara ya Babati, kuna michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na ambayo mwanaakiolojia Mary Leakey alikuwa akiinakili mwaka 1951. Watu wamechorwa kwa rangi nyekundu, wembamba, warefu, vichwa vina maumbo ya ajabu, na wanyama unawatambua kwa mistari michache tu. Mchoraji wa animesheni akitazama vile anaona jinsi mwendo unavyokaa kwenye mstari mmoja. Chukua somo hilo. Picha zenyewe usizibandike ukutani kwa bibi wa Nyemo kama pambo la Kigogo. Michoro ile ya kale inahusishwa na wawindaji wa zamani wa eneo lile, si na Wagogo, na Dodoma ina watu wengi wenye historia zao: Wasandawe, Warangi, Waburunge na wengine. Kuwachanganya wote kwenye chungu kimoja kwa sababu wanapendeza ni kuwakosea.

Tuje kwenye jinsi ya kuwaonyesha wenzako, maana bado unawahitaji sana. Uliwaonyesha kazi iliyokwisha kupakwa rangi na kurendwa. Piga hesabu: kwa fremu 24 kwa sekunde, zile sekunde 40 ni fremu 960. Hata ukichora picha moja kwa kila fremu mbili, ni michoro 480. Mtu akikuambia kitu juu ya kazi ya namna hiyo, moyo unakataa kabla masikio hayajasikia, na ukikubali unabomoa usiku wako mwingi. Mtazamaji naye akiona rangi atazungumzia rangi. Akiona macho yamekamilika atazungumzia macho. Hawezi tena kuiona hadithi.

Ziweke kando hizo sekunde 40, usizifute. Rudi kwenye storibodi, yaani hadithi katika michoro iliyopangwa. Chora dakika zote tatu kwa penseli au kwenye programu ya kuchorea ya Krita, picha mbaya mbaya za haraka, kisha uzipange kwenye programu ya kuhariri video pamoja na sauti, kila picha ikae muda wake. Sauti ya bibi iseme wewe mwenyewe kwa sasa. Hiyo ndiyo animatiki, na hata laptopu yako ya mtumba itaicheza bila kuhema. Hapo kukata tukio zima ni kazi ya dakika moja na hakuna anayelia.

Waonyeshe watu wachache, mmoja mmoja au wawili wawili, kwa sababu kwenye kundi mmoja akicheka wote hucheka. Chagua anayeujua muheme, chagua asiyeujua kabisa, na mtoto mmoja wa darasa la sita ukimpata. Hata mama anayewauzia chakula karibu na hosteli anafaa, pengine kuliko wanafunzi wenzako, maana hana hamu ya kuonekana mtaalamu. Usieleze chochote kabla. Usiseme "hapa bado sijamaliza." Ikianza usitazame skrini, mtazame mtu. Anapoinua simu yake, andika sekunde. Anapoinama mbele, andika pia. Ikiisha mwambie, "Nisimulie ulichokiona," kisha nyamaza. Atakapokusimulia hadithi tofauti na uliyoiandika utawashwa ulimi umsahihishe. Jizuie! Andika maneno yake kama alivyoyasema. Baada ya hapo muulize wapi alichoka, wapi alipotea, na nini alitaka kujua ambacho hakukipata. "Umeipenda?" usiulize kabisa, kwa sababu Mtanzania mwenye adabu atakuambia ameipenda.

Usibadilishe kitu siku hiyohiyo. Lala. Kesho yake soma daftari: yapo ya ukweli, ambayo utayarekebisha bila ubishi baada ya kuhakikisha, yapo ya kutoeleweka, nayo yakirudiwa na watu wawili ambao hawakusikilizana, hapo pana shimo, yaliyobaki ni ladha, na hapo mwenye kuamua ni wewe. Ukiacha jambo, andika kwa nini umeliacha. Siku ya kutetea mradi utaulizwa.

Daftari hilo ndilo ripoti yako, mwanangu. Weka mchoro wa kwanza wa bibi mwenye ngoma begani, weka picha uliyopiga kijijini, weka mchoro mpya, na chini yake ueleze kilichobadilika na aliyekuonyesha. Kile kilichochekwa darasani kiweke ukurasa wa mbele kabisa. Msimamizi anataka kuona njia uliyopita, na wewe sasa utakuwa nayo.

Wiki sita si nyingi, na hapa nitasema wazi: dakika tatu hutazimaliza kwa ubora unaoutaka kwa kompyuta hiyo. Nenda kwa msimamizi wiki hii, ukiwa na mpango mkononi, umwombe upunguze hadi dakika moja na nusu. Hadithi yako inatosha humo. Safari ya kutoka shule ikatwe, harusi ionekane kupitia ngoma tu, na sekunde nyingi uzitumie pale mikono ya Nyemo inapojifunza. Tenga wiki ya kwanza na ya pili kwa Mvumi, storibodi na animatiki, ili zibaki nne za kuchora. Majaribio yote yatoe kwa ubora mdogo, na kurenda kwa mwisho omba kompyuta za chuo usiku au wikiendi. Nakala weka kwenye flashi mbili, moja akae nayo mtu mwingine.

Jambo moja dogo la kiufundi, maana ni katuni ya ngoma na watu watalihisi hata wasipolijua. Kiganja kiguse ngozi ya ngoma fremu moja au mbili kabla ya mlio kusikika. Wachoraji wengi hutanguliza picha kidogo hivyo, kwa sababu sauti ikitangulia pigo linaonekana limechelewa. Jaribu yote mawili kwenye pigo moja uone.

Barua ya utambulisho iombe Jumatatu asubuhi. Kabla haijatoka, huyo kaka wa Mvumi muulize jina la mama anayeongoza kikundi, ili ukifika ujue unamwamkia nani kwanza.

Shangazi